Injini kwanza, ndege baadaye: kwa nini Waingereza walibadili ndege zao katikati ya vita

Wadau, ukitaja ndege za Uingereza za Vita Kuu ya Pili ya Dunia (1939-1945), wengi watakutajia Spitfire, na waliotazama filamu nyingi wataongeza Lancaster. Watakusimulia mabawa, bunduki na marubani. Injini hawaitaji, maana kwenye picha haionekani. Kumbe ndiyo iliyoamua mambo mengi: ndege iwe na injini mbili au nne, ipi iingie kiwandani na ipi ifutwe. Na kwa vijana saba walioruka jioni kwenda Ujerumani, iliamua kama wataiona asubuhi.

Makala ni ndefu kidogo, kwa hiyo mwenye haraka achukue haya manne kwanza:

- Injini yenye nguvu nyingi kwenye karatasi lakini inayonoki ovyo ilikuwa hasara kuliko injini ya kawaida inayomaliza safari.
- Ndege mbaya ya Manchester iligeuka kuwa Lancaster, moja ya ndege bora za vita, kwa kubadilishiwa injini na mabawa.
- Injini ya Merlin haikuzaliwa imara. Ilitengenezwa ikawa imara, kwa kuvunjwa makusudi mara nyingi.
- Waliolipa gharama ya injini mbovu hawakuwa waliozichagua. Walikuwa vijana wa miaka 20 na kitu.

Haya, twende taratibu sasa.

INJINI NDIYO BOSI

Daladala ikinoki Ubungo, abiria wanashuka, wanadai nauli yao, wanapanda nyingine. Ndege ikinoki usiku juu ya Bahari ya Kaskazini, hakuna pembeni pa kuegesha. Ndiyo maana mchoraji wa ndege huanza na swali moja: injini gani, na je, itakubali kufanya kazi saa 8 mfululizo?

Tatizo la miaka ya 1930 ni kwamba ndege na injini zilichorwa kwa wakati mmoja. Wizara ya Anga ya Uingereza ilitoa masharti ya ndege mpya, viwanda vikachora, na injini iliyotegemewa ilikuwa bado ipo kwenye benchi la majaribio. Ni kama kujenga nyumba kwa kutegemea bati ambazo kiwanda hakijaanza kuzizalisha. Zikija nzuri, umepata. Zikija mbovu, kuta unazo lakini unalala nje.

Halafu kuna hesabu ya idadi ya injini. Injini mbili kubwa zina faida: upinzani wa hewa ni mdogo, na mambo ya kuhudumia ni machache. Lakini mbili zikibaki moja umepoteza nusu ya nguvu, na ndege inavutwa upande mmoja. Nne zikibaki tatu umepoteza robo tu. Ni kweli kwamba ukiwa na injini nne, nafasi ya mojawapo kuharibika inaongezeka. Tofauti ni kwamba kuharibika huko hakuna lazima ya kukuua.

VULTURE: MZIGO MKUBWA KWA KIUNGO KIMOJA

Mwaka 1936 Wizara ilitoa masharti yaliyoitwa P.13/36. Ilitaka ndege ya kurusha mabomu yenye injini mbili, yenye kasi na inayobeba mzigo mkubwa. Ili injini mbili ziweze kazi hiyo, kila moja ilipaswa kuwa na nguvu za ajabu kwa wakati ule. Rolls-Royce walikuwa wanaitengeneza: Vulture, silinda 24, lita 42, nguvu farasi zaidi ya 1,700.

Wazo lake lilikuwa la kijanja. Chukua injini mbili za silinda 12 zenye umbo la herufi V, geuza moja kichwa chini, zikutanishe, upate umbo la herufi X. Zote zinazungusha krenkshafti moja, ule mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni wa juu na chini kuwa mzunguko.

Kwenye karatasi, safi kabisa. Matatizo yakaanzia penye maungio. Kwenye injini ya V, konrodi mbili hushika sehemu moja ya krenkshafti. Kwenye Vulture zilishika nne. Yaani beringi moja ilibeba mapigo ya silinda nne. Oili haikufika vizuri, beringi zikaungua, konrodi zikakatika. Konrodi ikikatika kwa mwendo ule haikai palepale. Inatoboa ukuta wa injini na kutoka nje. Mara nyingi moto unafuata. Mafundi wakapunguza mizunguko ya injini ili isijiue, na hapo hapo zile nguvu walizoahidiwa nazo zikapungua.

Waliotambua mapema ni Handley Page. Ndege yao ya masharti yaleyale ilikuwa ifungwe Vulture mbili, lakini mwaka 1937 mpango ukabadilishwa kuwa Merlin nne. Ndege hiyo ikawa Halifax, iliyoruka mara ya kwanza Oktoba 1939. Avro wao waliendelea na Vulture. Ndege yao ikaitwa Manchester.

MCHEZO MBAYA WA MANCHESTER

Manchester iliruka mara ya kwanza tarehe 25 Julai 1939. Novemba 1940 ikaingia Kikosi namba 207 cha Jeshi la Anga la Uingereza (RAF), na Februari 1941 ikaenda vitani kwa mara ya kwanza, kushambulia meli za kivita za Ujerumani bandarini Brest, Ufaransa.

Mwili wa ndege ulikuwa mzuri. Kulikuwa na nafasi kubwa ya mabomu, na wahudumu wengi waliupenda. Shida ikawa ileile. Mwaka 1941 Manchester zilizuiwa kuruka zaidi ya mara moja ili injini zifanyiwe marekebisho. Zikiruka, rubani alijua kwamba injini moja ikifa akiwa na mzigo, ile iliyobaki haina uwezo wa kumshikilia hewani. Ndege ingeshuka polepole mpaka ardhi ikutane nayo. Kwa hiyo ukiwa na injini mbili za namna hiyo ulikuwa na nafasi mbili za kufa, si nafasi mbili za kupona.

Ziligengenezwa kama 200 tu. Juni 1942 zikaondolewa kwenye mapambano. Leo hakuna hata Manchester moja nzima iliyobaki duniani.

RUBANI WA MIAKA 20

Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Mei 1942, RAF ilituma ndege zaidi ya 1,000 kushambulia mji wa Cologne. Ili idadi itimie zilikokotwa hata ndege za mafunzo, na Manchester zilizobaki nazo zikaenda. Moja iliendeshwa na Leslie Manser wa Kikosi namba 50, kijana aliyekuwa ametimiza miaka 20 mwezi huohuo.

Baada ya kudondosha mabomu, ndege yake ikapigwa na mizinga ya kutungulia ndege. Wakiwa njiani kurudi, injini ya kushoto ikapata joto kupita kiasi na kuwaka moto. Moto ulizimika, lakini injini ndiyo basi tena. Sasa ikabaki Vulture moja, na hapo hesabu tuliyoiona juu ikaanza kufanya kazi: ndege ikawa inapoteza kimo kila dakika. Manser akaamuru wenzake waruke kwa parashuti. Mmoja alitaka kumvalisha yeye parashuti, akakataa, maana angeachia usukani ndege ingebiringika na wenzake wasingepata muda wa kutoka. Wakaruka wote sita, wakapona. Ndege ikaanguka na Manser ndani yake, nchini Ubelgiji. Alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, akiwa tayari kaburini.

Tuwe wa haki: chanzo cha balaa usiku ule kilikuwa mizinga ya Wajerumani, Vulture haikujiua yenyewe. Lakini zipo ndege za injini nne zilizorudi nyumbani zikiwa zimepoteza injini moja, na nyingine mbili. Ushujaa wa Manser ulihitajika kwa sababu uamuzi wa mwaka 1936 haukumwachia nafasi nyingine.

KUTOKA MANCHESTER KUJA LANCASTER

Rudi nyuma kidogo, mwaka 1940. Avro walikuwa pabaya. Kulikuwa na mpango waachane kabisa na Manchester na kuanza kutengeneza Halifax, yaani ndege ya mshindani wao. Mchoraji mkuu Roy Chadwick na bosi wake Roy Dobson wakapigania wazo jingine: mwili uleule, mabawa yarefushwe, Vulture mbili zitoke, Merlin nne ziingie.

Nguvu kwa jumla ziliongezeka, lakini si hilo tu lililoiokoa ndege. Merlin moja ilikuwa ndogo kuliko Vulture, lita 27 kwa lita 42. Muhimu zaidi ni kwamba sasa walikuwa na injini inayoeleweka. Mafundi waliijua, spea zilikuwepo, na udhaifu wake mwingi ulikuwa umeshaonekana na kurekebishwa.

Ndege ya majaribio iliruka tarehe 9 Januari 1941, hata kabla Manchester haijaenda vitani. Mwanzoni iliitwa Manchester III. Jina hilo lilikuwa na nuksi, likabadilishwa: Lancaster. Machi 1942 ikaanza mapambano. Mpaka uzalishaji unakwisha zilikuwa zimetengenezwa 7,377. Mabawa yalikuwa yamekua kutoka mita 27 na kitu hadi 31, na mwishoni mwa vita ndege hiyohiyo ilibeba bomu moja la tani 10.

Zaidi ya hapo, injini ilifungwa kama furushi moja lililokamilika, pamoja na rejeta, mabomba na kifuniko chake. Ikiharibika, mafundi hawakuanza kuchokonoa gizani. Walifungua furushi zima, wakafunga jingine, ndege ikarudi kazini.

MERLIN NAYO ILIKUWA MGONJWA

Sasa usije ukadhani Merlin ilishushwa kutoka mbinguni. Ilipowashwa mara ya kwanza mwaka 1933 na miaka michache iliyofuata, iliwatoa jasho.

Kwanza, vichwa vya silinda. Rolls-Royce walijaribu umbo jipya la chumba cha kuchomea mafuta, wakitegemea nguvu zaidi. Vichwa vikapasuka. Walikubali kurudi kwenye umbo la zamani la injini yao ya Kestrel, na toleo hilo ndilo lililoitwa Merlin II. Merlin I zilizokwisha kutengenezwa zikapelekwa kwenye ndege ya Fairey Battle. Ndege ya Hurricane ikalazimika kuisubiri Merlin II na kurekebishwa pua ili iitoshe, ikaingia kikosini Desemba 1937. Fikiria, ndege iliyokuja kubeba mzigo mkubwa wa Vita ya Uingereza mwaka 1940 ilichelewa kwa sababu ya kichwa cha silinda. Lakini ilipofika, ilifika na injini inayofaa.

Pili, kupoza. Mwanzo walitumia glaikoli tupu, kimiminika kinachovumilia joto kali kuliko maji. Ilivuja kwenye maungio na injini ikafanya kazi kwa joto la juu mno. Baadaye wakatumia maji asilimia 70 na glaikoli asilimia 30 chini ya mgandamizo. Injini ikapoa, ikadumu.

Tatu, kabureta. Rubani wa Spitfire au Hurricane akisukuma pua chini ghafla, mafuta yalirushwa juu ndani ya kabureta, injini ikakohoa na kukata moto kwa muda. Rubani wa Kijerumani hakuwa na shida hiyo, maana injini yake ilipulizia mafuta moja kwa moja kwenye silinda. Akifukuzwa, alizamisha pua tu, akaondoka zake.

Aliyepata dawa ya haraka ni mhandisi wa kike, Beatrice Shilling, wa kituo cha utafiti cha Farnborough. Mwanamke huyu alikuwa pia mwendesha pikipiki za mashindano. Mwaka 1941 alibuni kipande kidogo cha chuma chenye tundu, kilichopimwa kupitisha kiasi cha mafuta ambacho injini inahitaji na si zaidi. Kilifungwa bila kuitoa ndege kikosini. Yeye na timu yake walizunguka viwanjani kuvifunga. Hakikumaliza tatizo lote, lakini kilimpa rubani zile sekunde alizokuwa anazikosa.

SIRI YENYEWE: KUVUNJA MAKUSUDI

Mkuu wa Rolls-Royce, Ernest Hives, alikuwa na utaratibu ambao fundi yeyote wa gereji ataupenda. Walichukua injini bila kuichagua, kutoka mwisho wa mstari wa uzalishaji, wakaifunga kwenye benchi na kuiendesha kwa nguvu zote mpaka kitu kivunjike. Wakaangalia ni nini kilichovunjika. Wakakichora upya, kikawa kigumu zaidi. Halafu wakarudia na injini nyingine, mpaka kitu kingine kivunjike.

Ndivyo Merlin ilivyotoka kwenye nguvu farasi kama 1,030 mwanzoni mwa vita hadi kupita 2,000 mwishoni, ikiwa na lita zilezile 27. Nguvu zilifuata uimara. Kila sehemu dhaifu iliyoondolewa ilitoa nafasi ya kuibana injini zaidi.

Kazi hiyo inakula watu na muda. Rolls-Royce hawakuweza kuwauguza wagonjwa wote pamoja. Ilipofika wakati wa kuchagua, waliipa Merlin kipaumbele na kuziacha Vulture, Peregrine na Exe. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwa uhakika kwamba Vulture isingepona kamwe. Ilikosa daktari kwa sababu madaktari walikuwa kwa mgonjwa mwenye matumaini.

NDEGE ZILIZOBEBA MSALABA WA INJINI

Hizi hapa nyingine ambazo hatima yake iliamuliwa na injini:

Hawker Tornado. Ndege ya kivita ya kiti kimoja iliyojengwa kwa Vulture. Vulture ilipofutwa, nayo ikafutwa.

Hawker Typhoon. Ndugu wa Tornado, ila yenyewe ilitumia Napier Sabre, silinda 24, nguvu farasi zaidi ya 2,000. Badala ya valvu za kawaida, Sabre ilitumia bomba jembamba la chuma linalocheza kati ya pistoni na silinda. Mabomba hayo yalipinda na kukwama. Wakati wa baridi mafundi waliamka usiku kuziwasha injini ili asubuhi zikubali kuwaka. Dawa ikapatikana kwa kutumia mabomba ya namna ya kampuni ya Bristol na mashine bora za kusaga chuma. Typhoon ikapona, na mwaka 1944 ikawa tishio kwa vifaru vya Wajerumani kule Normandy.

Westland Whirlwind. Ilikuwa na injini mbili za Peregrine na mizinga minne puani. Peregrine ilipoachwa, ndege zikaishia 100 na kidogo.

Fairey Barracuda. Ndege ya jeshi la majini iliyopangiwa injini ya Exe. Exe ikaachwa, ikapewa Merlin, na ikafika vitani imechelewa.

Bristol Beaufort. Ndege ya kurusha topido iliyosumbuliwa na injini ya Taurus. Toleo la pili likafungwa injini ya Kimarekani, Twin Wasp.

De Havilland Mosquito. Hii ni upande wa neema. Ilikuwa ya mbao, ina watu wawili na Merlin mbili, na toleo la kurusha mabomu halikuwa na bunduki hata moja. Ilitegemea kasi peke yake. Huwezi kumtuma mtu Berlin bila silaha kama huna imani na injini.

BIMA YA UINGEREZA

Kuna uimara wa aina nyingine: uhakika wa kupata injini kesho. Itakuwaje kiwanda kikipigwa bomu? Ndiyo maana Merlin zilitengenezwa Derby, Crewe, Glasgow na Manchester, na kwa Packard huko Marekani, ambao peke yao walitoa zaidi ya 55,000. Ford wa Uingereza walipopewa michoro walilalamika kwamba vipimo vyake vimelegea mno kwa uzalishaji wao. Rolls-Royce walizoea fundi mzoefu kusawazisha kipande kwa mkono, wakati Ford walitaka kila kipande kiingie bila kuguswa. Wakachora upya. Na ikitokea Merlin zimepungua, Lancaster II zipatazo 300 zilifungwa injini ya Bristol Hercules, isiyotumia hata tone la maji ya rejeta.

TUSISAHAU

Injini inayoaminika ilirudisha vijana wengi nyumbani, lakini si wote. Watu 55,573 wa kikosi cha mabomu cha RAF walikufa vitani, wengi kwa mizinga na ndege za adui. Na injini hizohizo ndizo zilizofikisha moto Hamburg mwaka 1943 na Dresden mwaka 1945, ambako maelfu ya raia waliteketea. Injini haichagui mzigo wake.

Ila kwa upande wa ufundi, somo ni wazi. Manchester na Lancaster zilitoka kwa mchoraji mmoja, kiwanda kimoja, na karibu mwili mmoja. Moja imesahauliwa na nyingine inajulikana dunia nzima. Katikati yao kuna watu waliokubali kusema mapema kwamba kitu tulichokitegemea hakifai, tubadili. Handley Page walisema hivyo mwaka 1937. Wizara na Avro waliendelea kusubiri, na waliokaa ndani ya ndege wakati wa kusubiri huko walikuwa watoto wa watu.

Wadau wa gereji, nyie ndio mnaojua konrodi ikikatika inatoa sauti gani. Uwanja ni wenu hapo chini: injini ya kawaida inayomaliza safari, au kubwa yenye mbwembwe? Tuelimishane, matusi hapana.